Siku Uliponivua Koti

Ayo, mama yangu,

Shikamoo. Najua haikufikii, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia, hata kama huu ni mwaka wa tatu tangu tukulaze pale juu ya bonde letu.

Nakuandikia nikiwa ofisini Arusha, na sijatulia hata kidogo. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda dirishani, nimerudi. Katibu muhtasi ameshaniuliza mara mbili kama naumwa. Mezani kuna karatasi ambayo bosi anataka niisaini kabla ya saa tisa. Nikisaini, nakuwa mshirika wa ofisi hii ya mawakili, na jina langu linaandikwa kwenye kibao cha getini chini ya jina lake. Wenzangu niliosoma nao sheria wangerukaruka kwa furaha. Mimi hata kalamu sijaishika.

Wewe ulitaka niwe nesi, unakumbuka? Ilianzia Haydom, nikiwa darasa la tatu, uliponipandisha basi nikusindikize hospitali. Mgongo ulikuwa unakuuma, na Kiswahili chako kilikuwa cha kuokoteza. Nesi akauliza, ukajibu kwa Kiiraqw, nami nikawa nageuza maneno huku na huku kama mtu mzima. Tulipotoka ukatangaza, "Huyu ni nesi kabisa." Kumbe mimi sikupenda sindano wala dawa. Nilipenda ule wakati ulipoanza kueleweka, uso wako ukakunjuka. Miaka mingi baadaye nikaja kukwambia nimechaguliwa kusoma sheria. Ulikuwa unapepeta maharage, ukauweka ungo chini. "Sheria? Kwani nani ana kesi?" Nikacheka hadi machozi.

Kesi ikaja, mama. Tena ikaja kwako.

Ilikuwa mwaka ule tulipopewa mkoa wetu wa Manyara, watu wanafurahi kwamba sasa mambo ya mkoa yataishia Babati. Matajiri nao walikuwa wameanza kuleta malori mpaka kwetu Mbulu kununua vitunguu swaumu, na kila hatua ya shamba la bondeni ikawa inatolewa macho. Jirani yetu Baba Safari akalima, akauvuka mstari wa katani ambao marehemu baba aliupanda uwe mpaka. Ukanitumia ujumbe kwa mtu: mwambie wakili wangu aje. Halafu ukaitangazia kata nzima.

Nikaja. Suti nyeusi, viatu vya kisigino, matope mpaka vifundoni. Ofisi ya kata ilikuwa imejaa, inanuka swaumu. Nikawaamkia wazee wa baraza la kata, mwenyekiti akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mimi ni nani katika shauri lile.

"Mimi ni wakili wa mlalamikaji."

"Hapa wakili haruhusiwi, binti. Ni sheria yenu wenyewe ninyi wasomi."

Mama wee! Nilikuwa naijua sheria hiyo. Niliisoma darasani, nikaijibia mtihani, halafu miaka ya kusoma mikataba ya hoteli za kitalii ikaifuta kichwani. Nilitamani ardhi ipasuke. Wale uliowatambia wiki nzima wakaanza kutazamana, na mke wa Baba Safari akafunika mdomo kwa khanga.

Ndipo ukasimama. "Mwenyekiti, huyo wakili akae. Mwanangu je?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akanong'ona na wenzake, akasema ndugu anaruhusiwa kumsemea ndugu yake. Ukanigeukia, "Vua hilo koti." Nikalivua, ukalikunja ukaliweka mapajani.

Sikuwa na faili wala kifungu cha sheria cha kushika. Nikamwamkia Baba Safari, nikamuuliza kama anaikumbuka siku baba alipopanda ile katani, mimi mtoto nikimshikia miche. Akasema haikumbuki. Nikamuuliza, "Hata makande aliyotupikia mama siku ile hukumbuki?"

Akaitazama kofia yake. "Yale yalikuwa hayajaiva," akasema.

Ukaruka kama umechomwa. "Hayajaiva? Si ulirudia sahani ya pili!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Alikuwepo, basi, na sasa kila mtu anajua alikuwepo. Akajifuta macho akasema mstari ni ule ule wa katani, atarudi nyuma. Mke wake alikuwa anacheka kuliko wote.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, koti langu umelitupia begani. Njiani ukaniuliza, "Na huko Arusha, unasema hivyo kila siku?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Ukatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi vizuri. Manesi wako wengi."

Nilikuwa nimeisubiri ruhusa hiyo tangu siku ya ungo, na jibu nililokupa linanisumbua mpaka leo.

Wiki iliyopita nilikaa siku nne juu ya aya moja inayosema nani atamiliki bomba la maji la kambi ya watalii. Si kazi ya wizi, usinielewe vibaya, na bosi ni mtu mwema. Lakini mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kibarbaig, ametoka kijijini Dirma, huko huko Manyara kwetu, amepanda mabasi mawili. Akaambiwa mapokezi kwamba sisi hatushughuliki na mambo ya aina yake. Nilimwona kupitia kioo, amesimama na fimbo yake, hajui ageukie wapi. Nikarudi kwenye aya yangu. Sijui hata kesi yake ilikuwa nini, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Babati kuna chumba nimekiona cha kufungua ofisi yangu mwenyewe, nyuma ya duka la mbegu. Asubuhi hii nikamwambia bosi. Akanikodolea macho. "Utakula nini? Mashauri ya watu wako yako kwenye mabaraza ya kata, na huko wakili haruhusiwi."

"Najua," nikamwambia. "Nilishakalishwa huko mara moja." Nitawaandaa waseme wenyewe, na yakifika mbele zaidi nitasimama nao. Bosi akaisogeza karatasi karibu yangu, akasema saa tisa.

Naogopa, ayo. Watoto wamezoea shule ya hapa. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaamua. Labda baada ya miezi sita nitarudi hapa nimekonda, naomba kazi kwa mlinzi wa geti.

Sasa ni saa nane na nusu. Karatasi sijaisaini, na naipeleka kwa bosi hivyo hivyo kabla sijabadili nia. Ila siwezi kuinuka bila kukujibu upya swali lako la njiani. Nilikudanganya, mama. Sisemi hivyo kila siku. Nimesema hivyo siku moja tu katika uwakili wangu wote, nayo ni ile uliyonishikia koti.

Lala salama juu ya bonde letu, ayo.

Ni mimi binti yako, uliyemruhusu asiwe nesi.