Shangazi, chakula chako hakikuwa na sumu

Shangazi yangu,

Ni saa saba mchana na nimefungua bakuli langu hapa ofisini, karibu na daraja la mpakani. Ndani mna yai moja la kuchemsha, sambaza wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, na vijiko viwili vya maharagwe niliyoyaponda asubuhi. Nitaanza na yai, nifuate na samaki, na maharagwe yatakuja mwisho kama nafasi itabaki. Kila tonge nitalitafuna mpaka liwe uji. Maji nilikunywa nusu saa iliyopita, na sitakunywa tena mpaka nusu saa ipite baada ya kumaliza. Huu ni mwaka wa pili nakula hivi kila siku, na wewe hukuwahi kujua sababu.

Barua hii sikuifunga kwenye bahasha. Nataka wamama wa kwaya yako waisome, na majirani wa hapa Kamembe, na wale wa Nyakarenzo waliokuwa wakipakana na shamba lako la mihogo. Wao ndio waliosema kwamba ulinilisha sumu. Wewe tulikuzika miezi mitatu iliyopita, huwezi kujibu, na mtu anayejua yote tangu mwanzo ni mimi peke yangu. Sasa nayasema.

Nianze Bukavu, ng'ambo ya daraja hili, maana chakula chako kilianzia huko. Nilikuwa na miaka sita kaka yako alipofariki. Mama yangu alikuwa ameshatangulia. Ulinichukua nikiwa na miguu myembamba na tumbo lililojaa minyoo, ukanikalisha kwenye kigoda jikoni, ukaanza kunilisha. Bugali wa mihogo, sombe ya majani ya mihogo kwa mawese, maharagwe, na Jumapili wali. Hukuondoka pale mpaka sahani iwe nyeupe. Ukoko wa sufuria ulikuwa wangu, hata watoto wako wa kuwazaa hawakuugusa. Nikisema nimeshiba, ulikuwa unasogeza sahani karibu zaidi.

"Kula, mwana. Bantu batasema mutoto wa kaka yangu namunyimaka."

Ulikuwa unanipeleka kanisani na gauni jipya kila gauni la zamani lilipoanza kubana. Wamama walinifinya mashavu, na wewe ulisimama pembeni ukiwaangalia wanavyofinya. Nilielewa mapema kwamba mashavu yale yalikuwa jibu lako kwa watu. Nililitunza jibu hilo miaka mingi. Tulivuka mpaka kurudi upande huu wa Kamembe, nikasoma, nikapata kazi ya kujaza makaratasi ya mizigo mpakani, na kila mwaka fundi aliongeza kitambaa ubavuni mwa magauni yangu.

Nilipofika miaka thelathini na nne sikuweza kupanda kutoka darajani mpaka barabara kubwa bila kusimama mara mbili. Magoti yaliuma hata nikiwa nimelala. Kisha wakapima damu, wakakuta sukari. Daktari wa Kigali alinieleza vizuri, bila kunitisha. Alisema wanaweza kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuniachia kipande chembamba, kama ndizi moja. Alisema pia upasuaji ni sehemu rahisi, kazi itakuwa kula baada ya hapo, na kazi hiyo haina likizo. Nikasaini.

Wewe nilikuambia naenda kwenye mafunzo ya kazi, wiki tano. Hapa mpakani kila siku nawauliza watu wamebeba nini, na ninawajua kwa macho wale wanaoficha. Kwako nilipita hivyohivyo, nimeficha. Sikukuogopa. Niliona tu kwamba nikisema wamenikata kwa sababu ya unene, wewe utasikia kwamba chakula chako kiliniumiza, miaka yote ile. Nikasema nitakuambia baadaye, nikishapona.

Wiki za kwanza zilikuwa supu iliyochujwa na maziwa, kijiko baada ya kijiko, kama mtoto mchanga. Zikafuata wiki za vitu vya kupondwa. Jumapili ya tano nilikuja kwako. Ulikuwa umepika bugali, sombe, na sambaza wa kuungwa kwa mawese, meza nzima kwa ajili yangu niliyetoka safari. Nilitakiwa kula samaki watatu wa kuponda na kuishia hapo. Lakini ulikuwa unaniangalia mkono, nikamega bugali. Kwa tumbo kama langu hakuna kitu kibaya kama bugali wa mihogo. Unavutika, unanata, unakaa mlangoni mwa tumbo na hautaki kuingia wala kutoka. Matonge matatu tu, nikatoka nikaenda nyuma ya jiko, nikatapika kwenye migomba. Maman Furaha, jirani yako, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Aliniona, akaacha kuanika.

Maneno yalianzia pale. Kilo zilikuwa zinashuka haraka, uso ukaanza kuonyesha mifupa. Kwetu mtu akikonda ghafla na akaonekana anatapika, nani atafikiria upasuaji? Watu wanauliza anakula wapi. Na mimi kila mtu alijua nilikuwa nakula kwako.

Mimi mwenyewe niliyasikia sokoni, kwa mama anayeniuzia samaki. Aliinama akajifanya anapanga sambaza, akasema polepole, "Dada, kuna mzee anatapishaka bantu sumu, naweza kukupeleka. Lakini kule kwa shangazi yako usirudie kula." Nilimshukuru. Nikachukua samaki wangu nikaenda zangu. Sikumwambia neno moja, Shangazi, na niliweza kumwambia pale pale.

Baadaye nilifanya kosa la pili, na hili nadhani ni la watu wa kwetu. Kwa vile nilikuwa nashindwa sahani yako, nikawa naomba chai. Chai ya maziwa na sukari nyingi, kikombe baada ya kikombe, na ikiisha chai, uji wa mtama wenye asali. Sisi chai hatuihesabu kuwa chakula. Mtu aliyekunywa chai siku nzima atakuambia hajala kitu tangu asubuhi, na ataamini. Nikawa natoka jasho, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, unanilaza kitandani kwako na kusimama mlangoni umejishika kifua. Dada wa lishe wa hospitali ya Kigali nilipomweleza kwa simu alisema, "Maman, unakunywa sukari tangu mchana mpaka jioni, halafu unaniuliza jasho linatoka wapi." Nikaacha chai na uji. Alisema kweli. Lakini kwako sasa nikawa sipokei kitu chochote, hata kikombe.

Nafika kwenye Jumapili ile. Nimeizunguka sana, mpaka yai langu limepoa.

Uliniletea sahani kama kawaida, ila hukuiweka mezani. Ulikaa mbele yangu, ukachukua kijiko, ukachota kwenye chakula changu, ukala. Ukanywa maji kwenye glasi yangu, ukafuta mdomo wa glasi kwa kitenge chako. Ndipo ukanisogezea.

"Ona, nimekula. Haiko na kitu."

Ulisema ukiangalia sahani. Hivyo tunamfanyia mgeni, mtu asiyetujua, mwenye nyumba anaonja kwanza ili moyo wa mgeni utulie. Sijawahi kuona mama akimfanyia mtoto aliyemlea. Nilielewa kwamba maneno ya sokoni yamekufikia, na kwamba umekaa nayo siku kadhaa ukitafuta la kufanya, na hili ndilo ulilopata. Nilihitaji kusema sentensi moja tu. Nikala vijiko viwili, nikasema, "Nimeshiba, Shangazi." Ilikuwa kweli. Lakini kweli niliyoikata katikati haikukusaidia kitu.

Tangu siku ile uliionja sahani yangu kila Jumapili, karibu mwaka mzima, na mimi nikazoea. Nilikuwa nakaa nikisubiri umalize kuonja, kama mtu anayesubiri mhuri. Katika yote niliyofanya, hilo la kuzoea ndilo linaloniuma zaidi.

Presha ilikuchukua Alhamisi moja mchana, ulikuwa unachambua sombe. Hata hospitali hukufika. Nilikuwa ofisini, na mfukoni nilikuwa na orodha ya vitu vya kukuletea Jumapili. Kukuambia ukweli hakukuwa kwenye orodha.

Kwenye msiba wako, Shangazi, niliona wamama wengine hawali. Walikaa na sisi, waliimba, walilia vizuri kabisa, na chakula kilipopita walisema wametoka kula nyumbani. Walikubali Fanta tu, zile za chupa, na walizifungua wenyewe. Wewe uliyelisha kwaya nzima kila Pasaka. Nilihesabu wamama saba. Hata siku hiyo sikusema kitu, nilikuwa nalia, na kulia kulinipa sababu ya kunyamaza.

Siku ya kumaliza kilio tulirudi wote kwako. Neema, binti yako, alipika sombe kwa sufuria yako kubwa, na kwa kweli aliipata, mawese hayakuzidi. Watu walikuwa wengi, mpaka nje ya ua. Aliniletea sahani mbele ya wote. Kisha akakaa mbele yangu, akachukua kijiko kwenye sahani yangu. Nani alimfundisha? Alikuwa amekuona wewe. Alidhani ndivyo sahani yangu inavyoletwa, na kwamba kazi hiyo sasa ni yake.

Nikamshika mkono.

"Usionje, Neema."

Akaniangalia kama nimempiga. Wamama wakaacha kuzungumza. Nikachukua kijiko mkononi mwake, nikala. Samaki kwanza, mmoja, kwa kutafuna kama nilivyofundishwa, kisha wa pili, kisha sombe kidogo. Bugali niliuacha. Ilichukua muda, na watu wote walinisubiri nitapike. Sikutapika. Niliweka kijiko chini, nikasema kwamba tumbo langu lilikatwa na madaktari Kigali, niliomba mwenyewe, kwa ajili ya sukari na magoti. Kwamba kukonda ni kwa upasuaji, na kutapika kulikuwa kwa bugali niliokula mapema. Kwamba Shangazi hakuniwekea kitu, na hakuna siku aliyonilisha kitu kibaya tangu nikiwa na miaka sita.

Nilijua maneno hayatatosha. Niliwaita wamama chumbani kwako, nikapandisha blauzi, nikawaonyesha makovu matano, madogo, kila moja kama kucha. Maman Furaha alisogea karibu, akagusa moja kwa kidole.

"Na yeye alijuaka?" akauliza.

"Hapana."

Hakuniambia pole, na sikuistahili. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akajipakulia mwenyewe, sahani ikajaa. Akakaa uani mahali ambapo kila mtu anamwona, akala. Mmoja akamfuata, halafu wengine. Wale saba wote walikula, Shangazi, niliwahesabu tena. Sufuria yako iliisha. Neema akakwangua ukoko, akanipa kipande, nikakitafuna mpaka kikayeyuka.

Sasa hali yangu ni hii. Napanda kutoka darajani mpaka juu bila kusimama. Sukari imeshuka. Vidonge vya vitamini nitavimeza maisha yangu yote, na nikiwa na haraka nasahau kutafuna na tumbo linanikumbusha. Sombe nakula, bila bugali, vijiko vitatu. Nikialikwa kwa watu, nikiwa bado mlangoni nasema, "Nilikatwa tumbo, naomba sahani ndogo." Wengine wanacheka, wengine wanataka kuona makovu. Nasema kabla ya kukaa, kwa sababu yako.

Nisamehe, Shangazi. Uliogopa watu wasiseme umeninyima, wakaja kusema baya zaidi, na mimi nilikuwa na neno la kuwanyamazisha nikalikalia. Walio hai nimeshawaambia. Uliyebaki ulikuwa wewe.

Bakuli langu limeisha. Yai nimelimaliza, samaki nimewamaliza, maharagwe nimeacha kijiko kimoja. Pumzika sasa. Nimekula, na hakuna aliyeonja.

Mtoto wa kaka yako