Swali la Baba kuhusu Mbuzi

Mugoma, Jumapili

Bado nimeudhika na kaka. Mbele ya wageni waliotoka kanisani alisema eti miaka yote hii nasomea moshi wa jua. Wakacheka. Nikatoka nje, maana hata mimi huogopa kwamba hapa hakuna atakayeielewa kazi yangu.

Baadaye Baba alinikuta nje. "Hebu nieleze mimi."

Nikamwonyesha mbuzi wetu wawili, kila mmoja amefungwa kwa kamba kwenye kigingi chake. Nikasema gesi tunayoipasha joto maabara ili itoe nishati kama jua ina moto ambao hakuna chungu kinachouhimili, kwa hiyo tunaishika kwa sumaku. Kila chembe huzunguka mstari wake wa sumaku kama mbuzi na kigingi.

Baba alizitazama zile kamba. "Na wakipigana?"

Nilitaka kumkumbatia, ila kwetu sisi baba hakumbatiwi.

Hiyo ndiyo tasnifu yangu nzima! Chembe zikigongana, kila moja huhamia mstari wa jirani, hatua kwa hatua mpaka ukutani, na joto linatuponyoka. Mimi nilifika chuo kikuu ndipo nikauliza hivyo. Baba aliishia darasa la nne.

Jumanne naitetea tasnifu hiyo. Maprofesa wakiniuliza, nitawajibu kwamba nilishaulizwa nyumbani.