Jina la Baba Kwenye Kisiwa Kisicho na Watu

Pond Inlet,
9 Machi 1978.

Mpendwa Jaypeti,

Nakusalimu kwa sababu adabu inanilazimisha. Hujambo huko Ottawa? Miguu ya mama bado inavimba, mume wangu Simeonie ameua dubu, sisi wengine wazima. Salamu zimekwisha, sasa nikuseme.

Ramani yako ya majaribio imefika shuleni. Nilikwenda kuitazama kwa furaha, maana mdogo wangu ndiye aliyeichora. Nikakiona kile kisiwa cha changarawe tupu kule kaskazini, kisicho na ndege wala jani, kimeandikwa Kisiwa cha Inuaraq. Jina la marehemu baba! Eti umemheshimu. Nani alikutuma?

Tangu lini sisi tunabandika majina ya watu kwenye mawe? Kisiwa kile kina jina lake, Geuka Urudi, na baba mwenyewe alikufundisha. Upande wa kusini mkondo wa bahari unakula barafu ya njia kutoka chini, hata Februari kwenye baridi kali. Mtu akilisikia jina tu anageuza sleji na mbwa wanaoivuta.

Na jina la baba lina mwenyewe. Nilimpa binti yangu siku aliyozaliwa, na baba akarudi kwetu ndani yake. Mama humwita "mume wangu", mimi humwita "baba", na wewe ulipokuja ulimvulia kofia ukamwambia, "Karibu nyumbani, Baba." Ulikuwa unaigiza?

Mama alipoambiwa habari ya ramani hakulia. Alimpakata Inuaraq akamuuliza, "Mume wangu, nani amekupeleka kule peke yako?"

Mtoto wa miaka mitano akajibu, "Sijaenda mimi! Jaypeti huyo, mwongo!"

Tangu siku hiyo hachezi nje. Amekaa kando ya jiko na koti lake, anasema anasikia baridi. Naogopa, Jaypeti, na nina hasira nawe.

Umeandika kwamba ramani yenyewe inachapwa Mei. Lifute jina hilo kabla ya hapo, urudishe la zamani. Wakubwa wako wakikucheka, wakucheke.

Simeonie na Shangazi Ragilee wanakusalimu. Mama hana salamu. Amesema ukija kiangazi usiingie kwake mikono mitupu: ulete ramani ambayo mumewe hayumo.

Mungu akulinde, hata hivyo.

Dada yako, akupendaye kwa shida,
Leetia