Nilirekodi Sauti ya Mama Akiniita, Badala ya Kwenda

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi natengeneza gemu ndogondogo za kompyuta, siyo zile za risasi na kukimbiza magari, ni hadithi fupi ambayo mtu anaicheza kwa dakika kumi imekwisha, na hii ya mwisho inamhusu mama yangu, fundi cherehani, ambaye macho yake yanapungua nguvu mwaka hadi mwaka. Ndani ya gemu unaona mikono yake tu, unajaribu kutia uzi kwenye sindano, na kila ukijaribu skrini inazidi kufifia, na pembeni kuna kitufe kimoja cha kumwita mtoto, ukikibonyeza unamsikia mama akisema, "Mwanangu, njoo mara moja unitilie uzi," na mtoto anajibu, "Nakuja mama," lakini haji, hata ubonyeze mara mia haji, na mchezo unaishia hapo.

Huyo mtoto ni mimi, mshauri. Siku moja nilikuwa chumba cha pili na kompyuta yangu, najibu nakuja, nakuja, na siendi, na sauti ile niliirekodi kwa simu siku hiyohiyo nikiwa nimekaa palepale, kwa sababu niliona itafaa kwenye kazi.

Sasa gemu imechaguliwa kuonyeshwa ukumbi wa maktaba Jumamosi ijayo, na mama kajishonea gauni jipya na kila mteja kaambiwa, ila hajui gemu inahusu nini. Kaka yangu, mchomea vyuma, alipoicheza alicheka, "Gemu gani hii mtu hashindi?" Akaicheza tena, akasema, "Umemfanya mama maonyesho. Toa hiyo sauti." Nimejaribu sauti ya jirani, gemu ikapoa kama chai iliyosahaulika mezani. Nafikiria kumwambia mama maonyesho yameahirishwa. Nifanyeje?

Nakuja-Nakuja

Mwanangu Nakuja-Nakuja,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikatamani kukuvuta sikio. Mama anaita kutoka chumba cha pili, wewe unatafuta kitufe cha kurekodi!

Lakini haki yako nikupe. Mimi gemu sizijui, hata ile ya nyoka kwenye simu za zamani ilinishinda, ila nilipofika pale mtoto anapoitwa lakini haji, niliweka barua chini nikampigia shangazi yangu, ambaye nilikuwa namkwepa tangu mwezi uliopita. Kaka yako naye asikutishe, mtu haichezi mara ya pili gemu isiyomgusa. Umetengeneza kitu cha kweli. Shida ni kwamba ukumbi mzima utasikia unavyojuta, na anayestahili kusikia hajaambiwa neno.

Hilo la kuahirisha litoe kichwani. Mama kashajishonea gauni, halafu umdanganye?

Kesho mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha, kaa naye mbele ya kompyuta. Mwambie ulirekodi lini na ulikuwa umekaa wapi, na usipambe. Kisha mwache acheze mwenyewe, hata ikichukua saa nzima, na usimweleze maana. Akisema sauti itoke, itoke, na usinune, maana sauti ni yake. Akisema ibaki, muulize yeye alikuwa anawaza nini upande wake wa ukuta, maana hilo wewe hulijui, na huenda ndiyo hadithi yako inayofuata. Mimi nadhani atakukaripia, atacheka, na Jumamosi atakaa kiti cha mbele.

Jambo moja limeniudhi kuliko yote. Barua nzima inazungumzia macho ya mama, na sijaona daktari hata mstari mmoja. Nani alikwambia hayatibiki? Wangapi wamepimwa, wakapewa miwani au wakafanyiwa upasuaji mdogo, wakarudi kazini? Mpeleke wiki hii, kabla ya maonyesho, na ukae naye kwenye foleni. Gemu yako iache bila ushindi, inapendeza hivyo. Macho ya mama yako usiyaandikie mwisho kabla hujamsikia daktari.