Bao la Kijiko

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Huku tu wazima, mimi na mdogo wangu, Kijiko wako. Bado napaka rangi nyumba za watu huku chumba chetu wenyewe kikibanduka. Najua hapo utacheka. Dada atakayekusomea namwomba asome yote, asiruke mahali kwa kukuonea huruma.

Juzi kwenye simu uliniuliza bao la kwanza la mwanao lilikuwaje. Nikakujibu lilikuwa zuri sana, kisha nikasingizia mtandao. Sasa nimekaa nikueleze vizuri, ila lazima nianzie mbali kidogo.

Unawajua wale ndugu wawili walioinunua klabu yetu ya mpira. Uwanja wa mazoezi, ule ambao baba aliutunza mpaka mgongo ukampinda, wameuzungushia mabati. Wanajenga maghala. Nyasi alizokuwa akizimwagilia kwa mkono wakati wa kiangazi zimefunikwa kokoto. Sisi mashabiki tuliomba kuonana nao, hawakujibu. Tukasimama getini kwao na mabango niliyoyaandika mwenyewe, mlinzi akatuletea habari kwamba mabwana wamepumzika. Watu gani hao wanapumzika mwaka mzima?

Basi tukakutana kwa kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Wengine walitaka tususie mechi. Kinyozi akakataa, akasema tukibaki nyumbani watafurahi, watadai timu haina wenyewe. Akashauri tuingie wote, tujaze jukwaa letu, na mpira ukianza tuupe uwanja mgongo mpaka mwisho, ili mabwana kule kwenye chumba chao cha vioo waione migongo yetu tu. Tukakubaliana hakuna kugeuka, hata timu ikifunga. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, kwa sababu ya baba. Kijiko alikuwa mtu wa benchi, na hakuna aliyedhani angecheza.

Siku ya mechi nilivaa jezi ya zamani ya baba, ile yenye kiraka chekundu ulichokishona mgongoni. Tukawapa mgongo. Mama, kutazama ngazi za saruji huku mpira unachezwa nyuma yako ni adhabu. Kipindi cha pili kipaza sauti kikatangaza kwamba mshambuliaji wetu ameumia, na anayeingia ni Kijiko. Shingo iliniwaka moto. Kinyozi akanishika mkono, na mpaka leo sijui alikuwa ananizuia au ananipa pole.

Juu kabisa ya ngazi alisimama muuza maji, yeye peke yake akitazama uwanja. Nikamkazia macho. Nikamwona anaacha kunadi maji yake, anainuka kwa vidole vya miguu, mdomo wazi, halafu ndoo ikamponyoka. Hapo nikajua. Nikasikia mtu anakuja mbio upande wetu, akapunguza mwendo, akasimama. Hakuna aliyegeuka. Jukwaa zima lilikuwa kimya, na mimi nikiwemo.

Sasa unajua, mama. Bao la mwanao sikuliona. Nilikuwepo pale pale, nikampa mgongo, kisha nikakudanganya wewe.

Jioni Kijiko alirudi, akatua begi, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Akasema taratibu, "Kaka, nilikimbia kule kukutafuta wewe. Nikakuona kwa kiraka cha mama."

Nililia mbele ya mdogo wangu, sioni aibu kukwambia. Nikamwambia mechi ijayo nitautazama uwanja, na wenzangu wanifukuze wakitaka.

Aliinuka, akasogeza meza, akachukua makopo yangu ya rangi yawe nguzo za goli, na ndoo ya kufulia ikawa kipa. Akakunja soksi zake zikawa mpira. Akanionyesha pasi ilikotoka, jinsi alivyompita beki, jinsi alivyongoja kipa aegemee upande mmoja, kisha akausukuma pembeni kwa mguu wa kushoto, ule ambao baba alikuwa akimfokea kwa kutoutumia. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Basi bao lilikuwa hivyo, mama, na safari hii sikudanganyi.

Tulipokwisha kurudisha meza akaniambia, "Ule uwanja ulikuwa wa baba. Wapeni mgongo hivyo hivyo. Mimi nitafunga, na wewe nitakuonyesha nyumbani."

Kwa hiyo mwisho wa mwezi, timu ikicheza tena hapa, tutasimama vile vile. Kama wale mabwana watajali, sijui. Sina matumaini makubwa nao.

Nisalimie dada na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Kijiko anakusalimu, anasema anakula vizuri, nami nashuhudia kwamba anakula hata changu.

Shemeji anayekuletea barua hii amebeba pia ile jezi. Kiraka kimeanza kufumuka pembeni. Nakuomba ukishone upya kwa uzi mzito, kikae imara, ili mtoto akija mbio tena ajue mgongo wangu ni upi.

Ni mimi mwanao,
Fundi rangi wako