Bosi Aliniambia Nusu Ukurasa Unatosha

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiomba unishike mkono kabla sijamtamkia mkurugenzi wangu neno ambalo sitaweza kulirudisha. Mimi ni katibu muhtasi, mwaka wa kumi na mbili huu, meza ile ile mlangoni pa mtu yule yule, na kazi yangu kubwa ni kuandika madokezo, yaani kumweleza mkubwa jambo kwa ufupi ili aamue, na huyu wangu ana sheria moja, dokezo likizidi nusu ukurasa analirudisha bila kulisoma, ndiyo maana sisi wa chini tunamwita Mzee Nusu. Nimezoea kukata maneno mpaka nikimwandikia mama salamu ananiuliza kama amenikosea.

Mwaka huu nikajikaza nikajiandikisha mtihani wa kuingia shahada ya uzamili, una sehemu ya insha, wanakupa hoja unaijadili kwa nusu saa, na maelekezo hayasemi popote insha iwe ndefu kiasi gani, basi ningemuuliza nani kama si yeye mwenye shahada hiyo ukutani, naye akaniangalia vizuri tu akasema, "Nusu ukurasa. Ukizidisha wataona huna akili." Nikamwamini. Siku ya mtihani nikamaliza kwa dakika kumi na moja, nikaweka kalamu chini, nikakaa nikiwatazama wenzangu wanavyoomba karatasi za ziada, nikawahurumia, mshauri, mimi ndiye niliyewahurumia wao. Majibu yalipotoka kwingine kote nimefaulu, insha nimepata mbili kati ya sita, na chuo kikanikataa kwa hiyo insha peke yake.

Ningesema ni bahati mbaya, lakini wiki iliyopita binti yake alikuja ofisini, naye anajiandaa kwa mtihani huo huo, mlango uko wazi nami nachapa, nikamsikia baba mtu anamwambia aandike kurasa mbili, aya tano, aimalize nusu saa yote hata kama kidole kinauma. Binti alipoondoka niliingia, nikamuuliza kwa adabu mbona mimi aliniambia vingine. Hakuona hata haya. Akasema, "Wewe ukienda kusoma, nani ataniandikia?" Kisha akaniagiza nimsahihishie binti insha zake za mazoezi kila Ijumaa.

Mtihani unarudiwa mwezi ujao, nina miaka arobaini na mbili, na kwetu kazini ukitimiza arobaini na tatu hupewi tena ruhusa ya masomo. Nimpashe? Niache kazi? Na insha yenyewe iwe ndefu kiasi gani, maana sasa simwamini mtu.

Katibu Mwenye Kinyongo

JIBU

Dada yangu, pole, na pole yenyewe ndiyo hiyo moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kimekaa chumba cha pili.

Lakini na wewe! Umepewa nusu saa, umetumia dakika kumi na moja, ukumbi mzima unaandika, wewe umekaa kuwahurumia. Hukujiuliza waliokupa muda wote huo walitaka uufanyie nini? Na swali la kuondoka umekwenda kumuuliza mtu ambaye kuondoka kwako ni hasara yake. Dokezo linaandikiwa mtu anayetaka jibu tu. Msahihishaji wa insha anataka kuona umelifikiaje jibu, na usipomwonyesha hana cha kukupa.

Basi sikia. Andika ukurasa mmoja na nusu hadi miwili kwa mwandiko wako wa kawaida, aya nne au tano. Sema msimamo wako mapema, toa sababu mbili, kila moja na mfano unaoujua mwenyewe, mpe nafasi anayekupinga halafu umjibu, ufunge. Dakika tano za kupanga, ishirini za kuandika, tano za kusoma ulichoandika. Usijaze maji, maana msahihishaji naye ana macho. Fanya mazoezi na saa mezani, mara tatu kwa wiki.

Bosi usimpashe, atakucheka tu. Kazi usiache kabla chuo hakijakukubali. Ruhusa iombe kwa maandishi ofisi ya utumishi, kesho asubuhi, yeye apate nakala. Ijumaa zako mwambie umeshazipangia masomo. Binti hana kosa, usimnunie.

Barua yako ilinifikia ikiwa na kurasa nne, mimi ndiye niliyeikata ili itoshe hapa, na nimeikata kwa uchungu. Hakuna aliyekupa kipimo. Ulikuwa na la kusema, ukalisema mpaka likaisha. Kaandike hivyo hivyo mwezi ujao, kisha mwachie mzee huyo meza yake na kalamu yake, ajiandikie mwenyewe.