Véronique alinifunika

Nsimire, uko? Niko kwa hospitali. Niko na haya mpaka nashindwa kuinua macho.

Unakumbuka vile nilikuambia Véronique, muke wa kaka yangu, anajifanya mugonjwa juu ya mimba yake ya miezi ine? Siku tatu alikuwa analia tumbo. Nikamuambia, «Wewe njo wa kwanza kubeba mimba? Peleka samaki ya sambaza ku soko.»

Leo asubui akaanguka palepale ku soko ya Kamembe, nikamukimbiza hapa.

Bakamupiga ekografi, ile picha ya tumbo: kivimbe kikubwa kwa ovari, kifuko ya mayai, tena kimejisokota. Munganga akamuuliza maumivu ilianza lini.

Véronique akaniangalia. Akasema, «Leo.»

LEO, Nsimire! Alinifunika. Na mimi nikanyamaza.

Mpaka wakati alianza kutapika, njo nikasema, «Munganga, ni siku tatu.» Akaniuliza, «Mulikuwa munangojea nini?»

Bamemupasua, ovari moja imetoka. Mutoto angali ndani, muzima, nilisikia moyo yake kwa mashini.

Sasa hivi mama ametelefona kutoka Bukavu, analia: «Asante mwana wangu, wewe njo umemuokoa.»

Nikamujibu, «Ndiyo, mama.»